Mshumaa Unaowaka Ruhuwiko

Ruhuwiko, Songea
3 Juni 2024

Mtani wangu mwizi, Mwalimu Aloyce,

Mimi mzima. Wewe nakuombea uzima pia, tena ule wa kuotesha kitambi, maana nitakachokufanyia hakimfai mgonjwa.

Usishangae kupata karatasi. Simu ninayo na kifurushi hakijaisha. Nimeshika kalamu kwa sababu maneno ya simu unayafuta kwa kidole, na vidole vyako nimeshavijua. Barua hii imebebwa na Azizi, konda wa basi la Tunduru. Nimemwambia asikukabidhi mpaka utamke jina la mama yangu mzazi. Umelitamka? Likoje mdomoni?

Nimeiona tovuti yako. "Pumziko"! Jina kama la gesti ya Makambako. Nilipoifungua nikajikuta nimesimama sebuleni kwangu. Fomu ya kutangaza msiba ni yangu. Ile sehemu inayoonyesha ndugu gani yuko kwenye basi gani na amefika wapi ni yangu. Mshumaa unaowaka juu ya kila tangazo niliuchora mwenyewe siku tatu, mgongo ukakataa kunyooka. Hata kwenye orodha ya wilaya, Namtumbo imejirudia mara mbili. Kosa ni langu, na wewe umelibeba na vumbi lake. Kitu kimoja tu hukukitaka: neno Kasiana, lililokuwa juu kabisa. Badala yake umeandika chini: Imebuniwa na Mwalimu Aloyce, Tunduru.

Umesahau ilivyoanza? Mama yangu Kasiana alizikwa Jumanne. Kaka yangu Egidi alifika Jumatano kutoka Mbeya akiwa na suti mpya, kwa sababu makundi kumi na moja ya simu yalikuwa yametaja siku tatu tofauti za mazishi. Alipiga magoti kwenye udongo mbichi akaniuliza, "Mlikuwa na haraka ya nini na mama yangu?" Ndipo mimi Xaveri, niliyeishia kidato cha pili, siyo kwa ujinga bali kwa haraka, niliyeuza miwani Lilongwe na kutengeneza redio Nampula, nikaapa kuwa hakuna mtu wa Ruvuma atakayekuta kaburi badala ya mazishi.

Ulikuwa mwalimu wa kompyuta hapa Songea, ukanifundisha Jumamosi kumi na mbili. Hilo silifichi, mimi si kama wewe. Lakini seva, hiyo kompyuta inayoibeba tovuti mchana kutwa, niliiunda mimi: mashine iliyotupwa na ofisi, betri la lori, sola moja, vyote ndani ya kabati la steshenari yangu. Wenzangu wanapanga nafasi kwenye mashine za Wazungu wasiowajua. Mimi nina yangu, naipangusa vumbi kwa kanga ya marehemu. Haijawahi kuzimika hata dakika moja. Na fomu yangu ina akili kuliko baadhi ya walimu: anwani ya msiba inajijaza yenyewe kwa anwani ya anayetangaza, maana anayetangaza ndiye mwenye msiba.

Nasikia tarehe 28 unaupeleka "ubunifu wako" kwenye maonesho Dodoma. Sitaki kikombe chao wala cheti. Redioni pia sitaki, ingawa sauti ninayo. Nataka jina la mama yangu lirudi mahali pake kabla ya siku hiyo.

Lisiporudi, utanitambua.

Anayekunolea kisu,
Xaveri

*

Tunduru
10 Juni 2024

Mngoni mla panya,

Barua nimeipata. Azizi alinisimamisha stendi mbele ya wanafunzi wangu, ikabidi nitaje jina la mama yako kama naapishwa mahakamani. Umefurahi?

Sasa tulia nikufundishe Jumamosi ya kumi na tatu. Ninyi Wangoni na sisi Wahehe ni watani. Mtani akichukua kitu cha mtani, huyo si mwizi. Ulipochukua baiskeli yangu mwaka juzi ukakaa nayo miezi minne, nilikuandikia barua?

Umeandika kwamba mashine yako haijawahi kuzimika. Kweli, Xaveri? Mzee Daimu wa Namtumbo alipofariki mwezi wa tatu, Kasiana yako ilikuwa kimya siku tatu nzima. Binti yake Tabu alikuwa huku Tunduru kwa mumewe, anaifungua simu, haoni kitu. Akajua mazishi bado. Alifika wakati watu wanakunja majamvi. Najua, kwa sababu aliporudi huku alikuja kulia kwangu akidhani tovuti ni yetu wote wawili. Nikanyamaza nikufichie aibu. Wewe ulikuwa wapi siku tatu zile?

Ndiyo maana nimeihamisha. Pumziko iko kwenye mashine ya kupanga, yenye umeme usiokatika na mafundi wanaolipwa kuilinda. Kitu cha misiba hakiwezi kutegemea betri la lori ndani ya kabati la steshenari. Nimekiokoa kitu chako, na wewe unaninolea kisu.

Habari ya jina tutazungumza nikitoka Dodoma.

Mtani wako,
Aloyce

*

Ruhuwiko
16 Juni 2024

Aloyce,

Siku tatu zile umeme ulikuwa umekatika wilaya nzima, kamuulize yeyote. Habari ya Tabu usiniletee tena.

Na utani usiutie mdomoni. Mtani anachukua kuku, anachukua sufuria, anachukua baiskeli (tena ile ilikuwa haina breki, nusura iniue). Hachukui jina la marehemu akaliacha njiani kama ganda la muwa. "Tutazungumza nikitoka Dodoma." Kwa hiyo mama yangu akungoje kwenye foleni?

Nakuachia neno moja tu, mwalimu. Unajigamba umehamia nyumba mpya yenye mlinzi. Vizuri. Umekagua kama kila kilichomo ni chako? Bomba lako la maji linaanzia wapi? Mimi mlangoni kwangu nina daftari, mashine inaliandika yenyewe, kila anayebisha hodi anabaki humo na saa yake. Hukunifundisha wewe kulisoma. Nilijifunza peke yangu.

Tarehe 28 uvae suti.

Xaveri

*

Tunduru
1 Julai 2024

Xaveri,

Nakuandikia kutoka kaburini. Huku kuna joto.

Nieleze nilivyokufa au utajisifu mwenyewe? Nitaeleza mimi, kwa sababu wewe utaongeza chumvi. Ijumaa, ukumbi umejaa, majaji watano mezani, skrini kubwa kama ukuta wa kanisa. Nikasema, "Waheshimiwa, sasa nawaonyesha tangazo la mfano." Nikabonyeza. Pale juu, mahali pa mshumaa, ikatokea picha ya tangazo jingine. Kubwa. Lenye uso wangu, ile picha uliyonipiga nikiwa nimefumba jicho moja. "Tunasikitika kutangaza kifo cha Mwalimu Aloyce, aliyefariki kwa aibu baada ya kuiba cha marehemu. Mazishi Jumatatu tarehe 1 Julai." Nikafungua ukurasa wa pili, nimekufa. Wa tatu, nimekufa. Ukumbi ulicheka mpaka mzee mmoja akavua miwani kujifuta. Jaji mama akaniuliza kwa upole, "Pole sana. Wewe ni marehemu au ni mwizi?"

Nimeshaona nilipokosea. Nilinakili kila kitu nikakipandisha kwenye mashine ya kupanga, ila mstari mmoja sikuubadilisha. Mshumaa ulikuwa bado unaitwa kutoka kabatini kwako. Kila mtu aliyefungua tovuti yangu alikuwa anakuja kubisha hodi Ruhuwiko kuomba moto. Ukabadilisha picha ukaliacha jina lile lile la mshumaa. Mimi ndiye niliyekufundisha hicho kitu, Jumamosi ya tano. Mungu anisamehe.

Nilizima simu siku ile ile na sijaiwasha. Kurudi nimezunguka Dar na Masasi nisipite Songea, maana ningekuona ningefungwa. Lakini usidhani umeshinda. Nitakachokulipa, utatamani ungekuwa wewe uliyekufa.

Marehemu,
Aloyce

*

Ruhuwiko
1 Julai 2024

Aloyce, ndugu yangu,

Washa simu. Kwa jina la Mungu, washa simu. Nimepiga mara sitini. Barua hii Azizi ataileta mbio, ukiipata panda basi lolote, hata la mizigo.

Mama yako yuko hapa.

Kuna mtu ukumbini Dodoma alipiga picha ile skrini akairusha kwenye makundi. Kila aliyeipokea akakata kidogo. Maneno ya wizi yakakatwa, kicheko kikakatwa, ilipofika Ifunda kwa mama yako kilichobaki ni uso wako, neno "kifo", tarehe, na mahali pa msiba. Akakupigia. Simu imezimwa. Akapiga tena mpaka asubuhi, imezimwa. Angejuaje kama ni aibu ya maonesho?

Na mahali pa msiba, mtani, ni hapa. Ruhuwiko, steshenari ya Xaveri. Nililitengeneza tangazo lako kwa fomu yangu mwenyewe kisha nikalipiga picha, na fomu ikajaza anwani yangu kama nilivyoifundisha. Nilikuwa nacheka, sikusoma mstari wa mwisho.

Jana Jumapili nimekaa nje nasimulia watu nilivyokuua, naigiza na sura yako, Costa ikasimama. Wakashuka watu ishirini na watatu, wanawake wamejifunga kanga viunoni, kilio kimefika kabla ya miguu. Mama yako mbele. Akaniangukia kifuani. Akasema, "Xaveri mwanangu, nashukuru umemsitiri mwenzako. Mwili uko wapi?"

Unanijua. Nimewahi kumshinda askari wa mpakani kwa maneno hadi akanipa soda. Jana mdomo ulikosa njia. Nilisimama pale nikamwona Egidi amepiga magoti kwenye udongo.

Nimemwambia yote. Hakunipiga, ningefurahi angenipiga. Ameketi chini kwenye mkeka mbele ya steshenari, miguu ameinyoosha, anasema kifo alikionyeshwa kwa picha, kwa hiyo uzima hataki picha wala simu, anataka mtu anayepumua. Hajala. Wenzake wanakula, kuku wangu wamekwisha.

Bado nina hasira na wewe. Njoo tu.

Xaveri

*

Ifunda, Iringa
8 Julai 2024

Kwa Xaveri muuaji na Aloyce marehemu,

Kamwene. Nimeandika barua hii mara mbili, kila mmoja na yake, maana nimeona ninyi mkiachiwa kitu kimoja mnanyang'anyana.

Tulifika salama. Miguu imevimba, moyo sijaupima. Aloyce, uliposhuka kwenye basi nilikugusa uso ukasema, "Mama, watu wanatazama." Watu walitazama nilivyolia kutoka Makambako hadi Songea, hilo halikukuhangaisha. Umezima simu siku tatu kwa kuchekwa. Mimi baba yako alinicheka miaka thelathini na sikuwahi kumfungia mtu mlango.

Xaveri, najua umeshaliona kabati lako tupu. Usihangaike na polisi, nimelichukua mimi lile sanduku lenye vitaa. Babu zenu na babu zetu walipigana wakachoka, wakaamua kutaniana, na sheria mnaijua: msibani watani hushika kitu cha nyumba wakakaa nacho mpaka kikombolewe. Kwa tangazo lako mwenyewe, msiba ulikuwa kwako na mwenye msiba ni wewe. Basi sisi Wahehe tulikuja kama watani, na tulikuwa na haki ya kushika. Kuku tulishawamaliza. Nikatazama nyumba, nikaona kuna kabati ambalo unalipita kwa kunyata kama ndani amelala mtoto mchanga. Nikajua ni hicho.

Liko chini ya kitanda changu, nimelifunga na kanga ile ile niliyolikuta nayo. Sikujua ni ya mama yako mpaka Aloyce aliponiambia ndani ya Costa, akitusindikiza njiani. Alisema akiwa ametazama dirishani.

Ukombozi sitaki mbuzi wala kitenge. Jumamosi tarehe 20 mje wote wawili, kwa basi moja, kiti kimoja cha watu wawili. Xaveri, utasimama mbele ya wale ishirini na watatu useme kwa mdomo wako kwamba ulimuua mtu aliye hai. Aloyce, utakaa mbele yangu na kompyuta yako uliandike jina la mama wa mwenzako mahali ulipolitoa, na mimi nitalisoma herufi kwa herufi. Akija mmoja bila mwingine, sanduku nitaliwekea maua.

Mama yenu,
Verediana

*

Tunduru
13 Julai 2024

Xaveri,

Nitapita Songea tarehe 19. Usidhani nimekusamehe. Nakuja kwa sababu ya mama, na kwa sababu ya mraba.

Tangu mashine yako iondoke, kila tangazo kwenye Pumziko lina mraba mtupu juu, mahali pa mshumaa. Ningeweza kuweka mshumaa mwingine kwa dakika mbili. Jumatano amefariki jirani yangu hapa, mkewe Hilda akaja na simu mkononi akaniuliza, "Mwalimu, mbona wa kwangu hamjamwashia?" Nikashika kompyuta nichore mshumaa, mkono ukakataa. Nilimwambia moto umechukuliwa na mama yangu. Akanitazama kama mwehu.

Nikwambie habari ya jina, maana njiani, maneno ya mama yakiwa masikioni, sitaweza. Fomu ya maonesho iliuliza mbunifu ni nani na elimu yake. Mara ya kwanza niliandika wewe, kidato cha pili. Wakairudisha. Nikajiandika mimi, ikapita siku hiyo hiyo. Hapo nina udhuru kidogo. Lakini jina la mama yako sikuambiwa na mtu nilitoe. Nilikula ugali wake, unakumbuka, alikuwa ananiwekea paja kwa kisingizio kwamba Wahehe hawajui kuku, wanajua mbwa. Kila nilipoifungua ile kazi yenye jina langu chini, yeye alikuwa pale juu. Nikamfuta ili asinione.

Sasa zamu yako. Siku tatu za mzee Daimu. Umeme wa wilaya ulikatika siku moja tu, niliuliza. Betri la lori lilikuwa wapi?

Aloyce

*

Ruhuwiko
4 Agosti 2024

Mtani marehemu,

Nilifika salama na sanduku mapajani kutoka Ifunda. Konda alitaka niliweke kwenye buti, nikamwambia abiria huyu ana jina.

Swali lako sikukujibu ndani ya basi kwa sababu mama yako alikuwa amenipa mkate wa safari, na mtu hawezi kukiri akiwa anatafuna. Najibu sasa. Betri nililitoa mwenyewe. Kulikuwa na harusi Peramiho, mimi ndiye mshereheshaji, spika zao zikakosa umeme. Watu mia tatu wananingoja niwachekeshe, Aloyce. Nikaenda kuchomoa betri nikasema ni kwa saa mbili. Nilichekesha mpaka bibi harusi akakaa chini. Wakanialika na siku ya pili, na ya tatu. Mashine iko gizani kabatini, mimi nashangiliwa.

Kwa hiyo kwanza nimekwenda kwa Tabu. Yuko Namtumbo siku hizi, anavuna mahindi ya baba yake. Nilimwambia kila kitu, na harusi, na spika. Akanipa jembe akanionyesha kaburi, nikapalilia mpaka jua likanichoma utosi. Nilipomaliza akasema, "Upande ule umeacha majani." Nikarudia.

Mashine iko hewani. Uliponitumia habari kwamba na ya kwako, uliyoiunda Tunduru, imewaka, nilipiga kelele dukani mteja akamwaga wino. Hatupangi kwa mtu sasa. Ya kwangu ikizimika, ya kwako inashika mshumaa, ya kwako ikilala, yangu inaamka, na zote mbili zinasema Kasiana juu kabisa. Mama yako alilisoma herufi kwa herufi, ukakosea moja ukarudia, nilikuona unavyotoka jasho. Sijawahi kula kitu kitamu kama jasho lile.

Sasa sikiliza. Tangazo lako la kifo sijalifuta. Nimelihifadhi kabatini, tarehe nimeiacha wazi. Siku utakayoligusa tena jina la mama yangu, nabonyeza, na safari hii nitakata maneno ya wizi mwenyewe ili ukoo mzima uje.

Nilidhani nimekuweza. Jana mashine zetu zilipokuwa zinapeana nakala, nikaona faili moja limekuja kutoka kwako ambalo silijui. Nikafungua. "Tunasikitika kutangaza kifo cha Xaveri, fundi, mwongo, mla panya, aliyefariki kwa kujisifu." Tarehe wazi! Na picha yangu ile ya Ifunda nimefungwa kanga ya mama yako baada ya kumwagiwa pombe ya ulanzi. Mshenzi wewe. Nilicheka peke yangu mpaka jirani akaja kuuliza kama niko salama.

Halafu nikasoma mstari wa mwisho. Mahali pa msiba: Tunduru, nyumbani kwa Mwalimu Aloyce. Umefanya kosa langu lile lile. Mimi Mngoni wa Ruhuwiko, mwenye kaka, mwenye steshenari, mwenye mji, nikaliliwe Tunduru kwa Mhehe?

Nilishafungua fomu ili niirekebishe, anwani isijijaze tena yenyewe. Mkono ulikuwa kwenye kitufe. Nikaifunga.

Iache hivyo hivyo. Ila ufuge kuku wa kutosha.

Xaveri, mwana wa Kasiana